Ndege wa Majitaka: Kutoka Ruai hadi Mto Potomac

Januari iliyopita mama yangu alikuja kututembelea hapa Germantown kwa mara ya kwanza. Siku ya nne alichoka kukaa ndani akitazama theluji dirishani. Akaniambia, "Mwanangu, nipeleke mahali penye maji."

Nilimpeleka Hunting Creek, katika mji wa Alexandria, jimbo la Virginia. Hapo kijito kinaingia Mto Potomac, chini kidogo ya Daraja la Woodrow Wilson ambalo wengi wetu tunalijua kwa foleni zake tu. Maji ya bahari hupanda mto huu hadi Washington na kupita kidogo, kwa hiyo kuna kujaa na kupwa kama pwani ya kwetu. Siku hiyo maji yalikuwa yamekupwa. Tope lilikuwa limejitokeza, na kwenye maji ya kina kifupi walikuwa bata wengi wakizungukazunguka, midomo imezama majini. Nilimpa Mama darubini. Alihangaika nayo kidogo, akanyamaza kwa muda, kisha akauliza:

"Huyu mwenye mdomo kama mwiko, si yule wa kwetu kwenye mabwawa?"

Alikuwa ndiye. Dume lina kichwa cha kijani kinachometameta, kifua cheupe na ubavu wa rangi ya kutu. Jike ni la kahawia. Wote wawili wana mdomo mpana uliotanuka mbele, na kingo zake zina vichujio vyembamba kama meno ya kitana. Bata huyu huzalia kaskazini na kuhamia kusini baridi inapoanza. Wale wa Potomac hutoka Kanada na majimbo ya kaskazini ya Marekani. Wale wanaofika Kenya hutoka Urusi na nchi za jirani zake. Ni ndege wa aina moja, wenye safari mbili ambazo hazikutani, na mwisho wa safari zote mbili wengi wao hupenda maji yaleyale: maji yenye rutuba nyingi, ambayo aghalabu ni maji yaliyopita kwenye vyoo na viwanda vya binadamu.

Mabwawa aliyoyataja Mama ni mabwawa ya kutibu majitaka ya jiji la Nairobi, yaliyoko Ruai. Nimekulia karibu nayo. Kwa miaka yote ya shule nilikuwa nikiulizwa ninakoishi najibu "Njiru," kwa sababu ukisema Ruai wenzako hushika pua. Makala hii ni jaribio la kusimulia historia ya mahali ambapo nilikuwa nikipaficha, nikipalinganisha na mto ninaoishi karibu nao sasa.

Jiji la maji baridi

Jina Nairobi limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Reli kutoka Mombasa ilifika mahali hapo mwaka 1899, kambi ya wajenzi ikageuka mji, na mji ukageuka makao makuu ya koloni. Tangu mwanzo mji huo ulichukua maji kutoka upande mmoja na kuutupa uchafu upande mwingine. Upande wa juu, magharibi na kaskazini, ulikuwa na misitu na chemchemi, na ndiko Wazungu walikojenga. Upande wa chini, mashariki, ndiko mito yote inakoelekea, na ndiko Waafrika walikopangiwa mitaa yao. Mpango huo wa mkoloni haukuondoka na bendera yake. Hadi leo ukifuata Mto Nairobi kutoka juu kwenda chini unafuata pia ngazi ya kipato.

Baada ya uhuru jiji lilikua haraka kuliko mabomba yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulijengwa mtambo mpya mkubwa kwenye uwanda wa Ruai, kilomita 30 hivi mashariki mwa katikati ya jiji. Uliitwa kwa jina la Dandora ingawa Dandora yenyewe iko mbali kidogo. Baadaye uliongezewa mabwawa, na uwezo wake unaotajwa ni mita za ujazo 160,000 kwa siku. Ni miongoni mwa mitambo mikubwa ya aina yake barani Afrika.

Neno "mtambo" linaweza kukupotosha, ndugu msomaji, ukadhani ni mahali pa mashine. Kazi kubwa pale hufanywa na jua, upepo na muda. Majitaka huingia kwanza kwenye bwawa la kina kirefu lisilo na hewa. Uchafu mzito huzama, na bakteria wasiohitaji oksijeni huumeng'enya. Harufu inayowafanya watu washike pua hutoka zaidi hapo. Kisha maji husogea kwenye bwawa la kina kifupi zaidi, ambalo juu yake huota mwani wa kijani. Mchana mwani hutumia mwanga wa jua na kutoa oksijeni, na oksijeni hiyo huwapa nguvu bakteria wa kundi lingine kumalizia kilichobaki. Mwisho maji hukaa kwenye mabwawa ya kukomaza, na jua huua vijidudu vya maradhi. Ndipo yanapomiminwa Mto Nairobi.

Mahali penye mwani pana viumbe wadogo wanaoula, na penye viumbe wadogo pana ndege. Mabuu ya usubi hujaa kwenye tope. Bata mdomo-mwiko huchuja uso wa maji, vitwitwi hudonoa ukingoni, domomwiko hufagia kwa mdomo wake kulia na kushoto, kwarara na korongo hutembea polepole kama wazee wanaokagua shamba. Kwa ndege aliyetoka Urusi na kuvuka jangwa, uwanda ule wa mabwawa ni mahali pa kupumzika penye chakula kisichokauka hata mwaka wa ukame. Ziwa la asili linaweza kukauka. Choo cha jiji hakikauki.

Ndivyo ilivyotokea kwamba orodha ya maeneo muhimu ya ndege nchini Kenya, iliyochapishwa mwaka 1999 na Leon Bennun na Peter Njoroge ikiwa na maeneo 60, iliyaweka Mabwawa ya Dandora pamoja na misitu, maziwa na mbuga za kifahari. Nilipoiona orodha hiyo mara ya kwanza, nikiwa tayari mwanafunzi huku Marekani, nilirudia kusoma jina lile mara mbili. Watu wa nje walikuwa wakija kutazama kile ambacho mimi nilikuwa nikikionea haya.

Mto uliokuwa aibu ya taifa

Ukidhani kwamba habari hii ni ya nchi maskini tu, njoo Washington. Kwa miaka mingi makao makuu ya Marekani yalimwaga majitaka yake moja kwa moja kwenye Potomac. Mtambo wa Blue Plains ulianza kazi mwaka 1937 kwenye ukingo wa mto, kusini mwa jiji, lakini watu waliongezeka kuliko uwezo wake. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson aliutaja mto huo kuwa ni aibu ya taifa. Watu walionywa wasioge humo. Wakati wa joto mwani ulitanda kama zulia, ukafa, ukaoza, ukamaliza oksijeni, na samaki wakaelea.

Hapa tunaona jambo linalowachanganya wengi. Mwani uleule unaofanya kazi nzuri kwenye bwawa la Ruai ndio ulioua Potomac. Tofauti ni mahali na kipimo. Bwawa limechimbwa ili uchafu uozee humo, likizungushiwa kingo, likipewa siku za kutosha. Mto hauna kingo hizo wala siku hizo. Uchafu ukiingia mtoni kabla ya kutibiwa, kuoza kunafanyika katikati ya maisha ya wengine.

Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya maji safi, na fedha nyingi za umma zikaelekezwa kwenye mitambo. Blue Plains ilijengwa upya na kupanuliwa, ikaanza kuondoa fosforasi, na miaka ya baadaye ikaanza kupunguza naitrojeni. Leo ni kati ya mitambo mikubwa zaidi duniani ya kiwango chake, na hupokea pia majitaka kutoka sehemu za Maryland na Virginia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 majani ya majini, yaliyokuwa yametoweka, yalianza kuota tena upande wa Alexandria na Dyke Marsh. Majani hayo mengi yalikuwa ya aina ya kigeni, na wenye mashua waliyalalamikia. Bata hawakulalamika. Walirudi.

Hunting Creek, niliposimama na Mama, pana mtambo wake pia. Alexandria imekuwa ikitibu majitaka yake hapo tangu miaka ya 1950, na maji yaliyosafishwa huingia kwenye kijito hichohicho. Sehemu ya mji wa kale ilirithi mabomba yanayobeba maji ya mvua na ya vyooni kwa pamoja, kwa hiyo mvua kubwa ikinyesha mchanganyiko huo ulifurika hadi mtoni. Watazama ndege wa Washington wameijua ghuba hiyo ndogo kwa vizazi. Wanakwenda hapo kwa sababu ilele inayowafanya wenzao wa Nairobi waende Ruai.

Hata Germantown hatuko nje ya habari hii. Kiko kiwanda cha kusafisha majitaka kando ya kijito cha Great Seneca, nacho kijito hicho humwagika Potomac. Ukipanda mto zaidi utafika Dickerson, ambako kituo cha umeme cha makaa ya mawe kilianza kazi mwaka 1959. Kilivuta maji ya mto ili kupoza mashine na kuyarudisha yakiwa na joto. Katika majira ya baridi, mto ulipoganda kwingine, hapo palibaki maji wazi. Wavuvi walilijua hilo, na bata walilijua pia. Mitambo ya makaa ilizimwa mwaka 2020. Ni jambo jema kwa hewa tunayovuta. Lakini huo ni ukumbusho kwamba ndege wanaoishi kwa taka za viwanda wanategemea uamuzi unaofanywa kwenye mikutano ambayo hakuna anayewataja.

Nani alishika darubini?

Historia ya kutazama ndege ina aibu zake nyingine. Mwaka 1908 Rais Theodore Roosevelt aliandika orodha ya ndege aliowaona kwenye bustani ya Ikulu na kuzunguka Washington wakati wa utawala wake. Mwaka uliofuata, baada ya kutoka madarakani, aliteremka Mombasa akiongoza msafara wa kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Msafara huo ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200, na lugha ya kuuendesha ilikuwa Kiswahili. Ndege wapatao 4,000 walikaushwa na kupelekwa Washington. Kwa maneno mengine, ndege wa kwetu walifika katika jiji hili kabla ya sisi, wakiwa wamejazwa pamba na kufungwa kibandiko mguuni. Vibandiko hivyo vina jina la aliyekusanya. Jina la aliyembeba ndege kutoka porini hadi kituo cha reli halimo.

Mwaka huohuo wa 1909 chama cha historia ya asili cha Afrika Mashariki kiliundwa Nairobi na maofisa, wamisionari na walowezi. Chama hicho hakikufa; leo kinajulikana kama Nature Kenya. Mwaka 1971 Fleur Ng'weno alianza kuongoza matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, na matembezi hayo yakawa desturi ya Nairobi. Yeyote angeweza kujiunga. Polepole darubini zilitoka mikononi mwa wachache zikaingia mikononi mwa wanafunzi, walimu na vijana wa mitaani. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuna pia hesabu ya ndege wa majini kila Januari, inayoratibiwa na wataalamu wa Makumbusho ya Taifa wakishirikiana na watu wa kujitolea. Mabwawa ya Dandora yamo katika hesabu hiyo.

Huku Marekani hesabu ya aina hiyo ilianza Krismasi ya mwaka 1900, kwa pendekezo la Frank Chapman, ili kuchukua nafasi ya desturi ya kwenda kuwinda siku hiyo. Kila kundi huhesabu ndege ndani ya duara la upana wa kilomita 24 hivi. Mojawapo ya maduara hayo linaitwa Seneca, na limepata jina kutoka kwenye ujirani wetu huu.

Daftari kama ushahidi

Wahadhiri wetu hutuambia kwamba mwanahistoria hatumii barua na sheria tu. Sahani iliyovunjika ni ushahidi, wimbo wa jando ni ushahidi, hata jina la mtaa ni ushahidi. Mimi naongeza daftari la mtazama ndege. Mtu aliyesimama ukingoni mwa bwawa kila Januari kwa miaka 30, akaandika tarehe, hali ya hewa na idadi, ameandika historia ya jiji bila kukusudia. Ofisi zinaweza kupoteza mafaili. Tarakimu za bata hazina sababu ya kudanganya.

Mfano mkubwa ni wa tai mwenye kichwa cheupe, ndege wa nembo ya Marekani, ambaye kwa sura na mlio ni ndugu wa furukombe wetu. Mwaka 1963 majozi yaliyojulikana kuwa yanazalia katika majimbo 48 ya bara yalikuwa chini ya 500. Rachel Carson, aliyekuwa akiishi Silver Spring, mwendo mfupi tu kutoka hapa, alikuwa ametoa kitabu chake Silent Spring mwaka uliotangulia. Alieleza jinsi dawa za wadudu zinavyopita kutoka kwenye maji hadi kwa samaki na kutoka kwa samaki hadi kwa ndege. Sehemu ya ushahidi wake ilitoka kwa watu wa kawaida waliohesabu ndege. DDT ilipigwa marufuku Marekani mwaka 1972, na mwaka 2007 tai huyo aliondolewa kwenye orodha ya walio hatarini, majozi yakiwa zaidi ya 9,000. Leo ukitembea kando ya Potomac unaweza kumwona bila kumtafuta.

Hata hivyo ushahidi huu unahitaji kusomwa kwa uangalifu, kama barua ya gavana wa kikoloni. Bata wengi si hati ya maji safi. Ruai wako wengi kwa sababu maji yana uchafu unaogeuka chakula. Potomac waliongezeka kwa sababu uchafu ulipungua hadi majani yakaota tena. Idadi ileile yaweza kuwa na maana mbili. Isitoshe, kuna uchafu ambao bata hawezi kutueleza kwa kuwapo kwake. Viwanda vya Nairobi vinatuma majitaka yao kwenye mfumo huohuo wa mabomba, na metali nzito haziliwi na bakteria wala haziuawi na jua. Hutulia kwenye tope. Bata anayechuja tope hilo haonekani mgonjwa kwenye darubini. Mkulima wa mboga anayemwagilia kwa maji ya mto haonekani mgonjwa pia.

Kwa hiyo daftari la ndege lazima lisomwe pamoja na daftari la zahanati, na rekodi za maji, na kumbukumbu za wakazi. Mama anakumbuka mambo ambayo hayamo katika hesabu yoyote: usiku ambao upepo ulibadilika na watu wakalala na kitambaa puani, watoto waliokatazwa kuvuka uzio na ambao walivuka, heshima waliyopewa ghafla siku wageni walipokuja na gari lililojaa darubini wakauliza njia.

Ardhi isiyo na mwenyewe

Mabwawa yanahitaji nafasi kubwa. Hiyo ndiyo faida yake kwa ndege na ndiyo hatari yake. Jiji linapotanuka, ardhi iliyokuwa porini hugeuka kuwa na thamani, na mtu hutazama maji yaliyotulia akaona viwanja.

Hii si kwetu tu. Magharibi mwa London palikuwa na mahali paitwapo Perry Oaks, pa kutibu tope la majitaka, ambapo watazama ndege walikuwa wakikusanyika kwa miaka mingi kutafuta vitwitwi wahamiaji. Leo juu yake pamesimama jengo la tano la abiria la uwanja wa ndege wa Heathrow, lililofunguliwa mwaka 2008. Ndege waliobaki hapo ni wa chuma. Kwa upande mwingine, huko Werribee karibu na Melbourne, Australia, shamba la majitaka lililoanza kazi mwaka 1897 bado linafanya kazi. Mwaka 1982 liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, na watazama ndege huomba kibali ili waingie. Mji uleule uliotoa majitaka ukaamua kwamba mahali yanapoishia pana thamani.

Nairobi bado haijaamua. Mwezi Mei 2020, katikati ya mvua na janga la korona, maelfu ya wakazi wa Kariobangi walibomolewa nyumba kwenye ardhi iliyoelezwa kuwa ya mtambo wa majitaka. Mwezi huohuo serikali ilitangaza kuitwaa tena ardhi kubwa ya Ruai iliyotengewa upanuzi wa mabwawa. Mama anawajua watu waliouziwa viwanja kwa karatasi zilizoonekana halali, wakajenga kwa mikopo ya chama, kisha wakaambiwa wamejenga kwenye ardhi ya umma. Aliyewauzia hakuonekana tena.

Ninaposema mabwawa yahifadhiwe sitaki nieleweke kwamba bata ana haki kuliko mama mwenye watoto. Wote wawili walisukumwa hadi mwisho wa bomba kwa sababu huko ndiko palipobaki. Sehemu kubwa ya wakazi wa Nairobi hawajaunganishwa na mfumo wa majitaka, na uchafu wao unakwenda mtoni moja kwa moja. Mtambo ukibanwa, mto ndio unaolipa. Na Mto Nairobi hauishii Nairobi. Unaingia Athi, Athi unapita Ukambani, unavuka Tsavo ukiitwa Galana, na unamwaga Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi ukiitwa Sabaki. Mdomo wa Sabaki nao ni mahali mashuhuri pa ndege. Buabua na heroe hukusanyika hapo mbele ya Mambrui. Wavuvi wa pwani, wenye lugha tunayojifunza katika chama hiki, wanapokea kila kitu ambacho bara limeshindwa kukishughulikia. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Hawakusema kwamba mkondo husafisha.

Potomac unatufundisha kwamba aibu ya mto inaweza kuondolewa, na kwamba kazi hiyo ni ya fedha, sheria na miaka mingi, wala haimaliziki. Ruai inatufundisha kwamba teknolojia ya jua na muda, iliyo rahisi kuliko ya Blue Plains, inaweza kulihudumia jiji zima na bado ikawalisha wageni kutoka Urusi, alimradi isinyang'anywe nafasi yake na viwanda vilazimishwe kutibu sumu zao wenyewe kabla ya kuzituma.

Tukiwa tunarudi Germantown siku ile, Mama alikaa kimya mpaka tulipopita Bethesda. Kisha akasema, "Kumbe mnasafiri saa nzima kutazama kitu ambacho mimi nakipata nikitoa nguo kwenye kamba."

Nikamwambia, "Basi, Mama, uwe unatuhesabia."

Nilisema kwa mzaha. Alipoondoka nilimpa darubini yangu ya zamani, na akanunua daftari la mistari kwenye duka la karibu na stendi. Wiki ya pili ya Machi, kabla bata hawajaanza kurudi kaskazini, alinipigia simu alfajiri ya huku. "Leo nimewahesabu wale wa mwiko, sitini na wawili," alisema. "Wangekuwa zaidi, ila mbwa wa jirani amewatimua. Niandike mbwa pia?"

Nilimwambia aandike.